Usiibane sindano mpaka mwisho

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukitoka mahakamani unatumwa kwenye semina, ukitoka kwenye semina mhariri anauliza habari ya kesho iko wapi. Leo nimeamua kukaa chini niandike jambo ambalo gazetini haliwezi kuingia. Kwanza ni refu, pili linanihusu mimi mwenyewe, na tatu mhariri wangu angeniuliza, "Sasa hili linauza nakala ngapi?"

Jambo lenyewe ni sindano. Si ya hospitali wala ya cherehani. Nazungumzia ile sindano ndogo ya chuma inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini ya ndege ndogo ya modeli. Ndiyo, zile ndege ambazo wengi wetu tukiziona tunasema ni za kuchezea watoto.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, asiye na muda aondoke nayo. Injini nyingi za aina hii tunaziua wenyewe, kwa tamaa ya kubana sindano mpaka zipige ile kelele tamu ya mwisho. Injini nzuri inatakiwa iruke ikiwa na mafuta kidogo ya ziada na moshi unaoonekana. Anayeinyima hiyo ziada ili watazamaji wapige makofi anajidanganya. Nasema hivi nikiwa mshtakiwa, si hakimu. Mimi nimeua moja, na haikuwa yangu.

Basi bwana, ilikuwa hivi.

Kwetu Arusha kuna mzee mmoja jirani, fundi mstaafu wa mitambo. Jina lake nalihifadhi kwa sababu hapendi kuandikwa. Tangu nikiwa shule ya msingi tulikuwa tunamfuata kiwanjani siku za Jumamosi kumtazama akirusha ndege yake. Si ndege ya rimoti. Ni ya waya. Rubani anasimama katikati ya kiwanja ameshika mpini wenye nyaya mbili nyembamba, urefu wake kama meta 18, na ndege inamzunguka. Akiinamisha mpini huku, ndege inapanda. Akiinamisha kule, inashuka. Injini yenyewe ina mwendo mmoja tu. Ukishaiwasha, ukairekebisha sindano na ndege ikaachiwa, huwezi kuigusa tena mpaka mafuta yaishe. Naomba mlikumbuke hilo, maana kesi yote imelala hapo.

Miezi kadhaa iliyopita mwalimu wa sayansi wa sekondari moja hapa Dar es Salaam aliniomba nije kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi ndege inavyopaa. Nilimpigia simu mzee nikamweleza. Miguu yake siku hizi haimruhusu kusafiri mbali, lakini aliniambia nipande Arusha nikaichukue ndege pamoja na injini. Aliifunga ile injini kwenye kitambaa kama mtu anayemfunga mtoto mchanga, akaiweka kwenye boksi la viatu. Wakati naaga akasema, "Mwanangu, ukifika baharini uifungulie. Usiiache kama ilivyo."

Nikajibu, "Sawa, mzee." Nikapanda basi. Zaidi ya kilometa 600 njiani nilikuwa nawaza nitavaa nini siku hiyo.

Sasa ili mnielewe nilikosea wapi, lazima nieleze injini hizi zinavyofanya kazi. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwanza, hazina cheche. Pikipiki yako ina plagi inayorusha cheche kila mara mafuta yanapotakiwa kuwaka. Injini hii ina plagi yenye kijiwaya kilichosokotwa, chenye platinamu ndani yake. Unakipasha moto kwa betri ndogo ya volti 1.5 mpaka kinawaka chekundu, unapiga pangaboi, injini inashika, halafu unaondoa betri. Kuanzia hapo kijiwaya kinabaki cha moto chenyewe, kwa joto la mafuta yanayoungua na kwa jinsi platinamu inavyokutana na methanoli. Plagi ya namna hii iliingia sokoni huko Marekani mwaka 1947 kwa kazi ya bwana mmoja aitwaye Ray Arden. Kabla yake ndege hizi zilibeba koili na betri angani, mzigo ambao ndege ndogo haukuuhitaji.

Pili, hazitumii petroli. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na oili, na wengine wanaongeza nitromethani kidogo ili kupata nguvu na utulivu zaidi. Oili ya asili kabisa ya kazi hii ni mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii ambayo dada zetu wanapaka kichwani na bibi zetu walikuwa wanatunywesha tumbo likigoma! Mmea wake unaota wenyewe kando ya barabara zetu, na wataalamu wa mimea wanaamini asili yake ni pande hizi za Afrika ya Mashariki na Kaskazini Mashariki. Injini za Gnome na Le Rhône zilizorusha ndege za Vita Kuu ya Kwanza zililainishwa kwa nyonyo. Hata kwenye mashindano ya kimataifa ya kasi ya ndege za waya, ambako injini ya sentimeta za ujazo 2.5 inakimbia karibu kilometa 300 kwa saa, mafuta ya kanuni yamekuwa methanoli asilimia 80 na nyonyo asilimia 20. Nyonyo inapendwa kwa sababu inachanganyika vizuri na methanoli na inavumilia joto kali bila kukimbia kwenye chuma. (Angalizo: ile ya dukani yenye manukato ya nywele haifai. Inatakiwa nyonyo tupu.)

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, injini hizi nyingi ni za mipigo miwili na hazina sehemu ya peke yake ya kuwekea oili. Oili inaingia pamoja na mafuta. Waliowahi kuwa na Vespa ya zamani au msumeno wa mnyororo wanajua ninachosema. Pistoni inapata ulainisho wake kutoka kwenye tone lile lile linaloungua.

Sindano ndiyo mlinzi wa mlango. Ukiizungusha kulia inaingia ndani, inabana njia, mafuta yanapungua. Ukiizungusha kushoto inatoka, mafuta yanaongezeka. Mafuta yakizidi hewa tunasema mchanganyiko ni mzito. Hewa ikizidi, ni mwepesi.

Sasa fanya hesabu na mimi. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kilo moja ya methanoli inahitaji kama kilo 6.4 tu. Maana yake, kwa hewa ile ile, injini ya methanoli inakunywa mafuta zaidi ya mara mbili. Na methanoli inapogeuka kuwa mvuke inanyonya joto jingi, kwa kila kilo karibu mara tatu ya petroli. Kwa hiyo mafuta yanayopita kwenye injini hii yanafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: yanaungua, yanapoza, na yanabeba oili. Ukibana sindano hukubana nguvu peke yake. Umebana na maji ya kupozea, umebana na oili. Halafu unashangaa pistoni imekwaruzika!

Tatizo ni kwamba kabla ya kuadhibu, kubana kunalipa kwanza. Ukianza na mchanganyiko mzito sana, injini inakoroma kwa sauti nzito, inawaka mara moja na kuruka mara moja. Ukiendelea kubana, ghafla inabadilika na kuanza kuwaka kila mzunguko; sauti inapanda juu kama mtoto wa kwaya. Ukibana kidogo tena, resi zinaongezeka. Kidogo tena, zinaongezeka. Kila robo ya robo ya mzunguko inakupa zawadi. Mpaka unafika kileleni, na kileleni hapo ndipo sauti inapokuwa tamu kuliko zote. Hatua moja baada ya hapo ni korongo.

Turudi shuleni. Kiwanja kilikuwa kimejaa. Wanafunzi wasiopungua mia mbili, walimu wamekaa kwenye viti chini ya mwembe, na mimi mwandishi wa habari nimevaa shati jipya. Mafuta nilikuwa nimeyachanganya mwenyewe hapa hapa Dar kwa kipimo cha mzee. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alijitolea kuishika ndege. Nikapiga pangaboi mara nne, injini ikashika.

Sindano niliikuta kama mzee alivyoiacha Arusha. Na hapa ndipo palipokuwa na mtego. Arusha iko kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni haba kuliko ya pwani, kwa hiyo sindano ya kule inabanwa zaidi ili mafuta yalingane na hewa. Ukiishusha injini hiyo mpaka Dar, inakutana na hewa iliyoshiba. Joto na unyevu wa pwani vinapunguza tofauti hiyo, lakini haviimalizi. Mafuta ni yale yale, hewa imeongezeka. Yaani mchanganyiko ulikuwa umeshakuwa mwepesi hata kabla sijagusa kitu. Ndiyo maana ya "ukifika baharini uifungulie."

Nilikumbuka maneno ya mzee? Nilikumbuka. Lakini injini ilikuwa inaimba vizuri mno! Wanafunzi wakapiga kelele. Mmoja akapaza sauti, "Kaka, ongeza!" Nami nikaongeza. Badala ya kufungulia, nikabana. Kama moja ya nane ya mzunguko hivi. Sauti ikapanda, wakashangilia, mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha. Kwenye ekzosi hapakuwa na moshi hata wa sigara. Nikajiona fundi.

Nikaenda katikati, nikashika mpini, nikamwashiria kijana aachie.

Mzunguko wa kwanza salama. Wa pili salama. Wa tatu nikaipandisha juu, maana ndicho watu walichokuja kuona. Ikiwa njiani kwenda juu ile sauti ikazidi kuwa nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi bila kutoa. Halafu ikalegea. Halafu kimya.

Ndege ya waya isiyo na injini na iliyo juu namna ile haina huruma. Nyaya zililegea mkononi mwangu, na waya ukilegea huna amri tena. Ilianguka kama jiwe, ikajikita kwenye mchanga hatua kama nne kutoka walipokuwa wamekaa wasichana wa kidato cha kwanza, ambao walikuwa wamesogea mbele kinyume na nilivyowaambia, na mimi nilikuwa nimewaona wakisogea na sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nafurahia watazamaji. Hakuna aliyeumia. Naandika sentensi hiyo nikimshukuru Mungu, na bado usiku mwingine inaniamsha.

Injini nilipoipoa na kujaribu kuzungusha pangaboi, halikuzunguka. Imenoki. Baadaye kuifungua, pistoni ilikuwa na mikwaruzo kutoka juu mpaka chini upande wa ekzosi, na ndani pamekauka. Injini ambayo mzee alikaa nayo miaka mingi kuliko umri wangu, mimi niliimaliza kwa mizunguko mitatu.

Jioni nilimpigia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, ndege imeruka?" Nikamweleza yote. Nilitegemea aulize kuhusu mabawa, au gharama, au aniite mjinga. Aliuliza kitu kimoja tu: "Moshi ulikuwaje?"

Nikasema, "Hapakuwa na moshi, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Basi ulikuwa umeshaambiwa."

Wadau, tangu siku ile nimejiuliza sana kwa nini nilifanya vile, ilhali nilijua. Na nadhani jibu ni hili: nilikuwa narekebisha injini kwa ajili ya watu waliokuwa chini, wakati kazi yake ilikuwa juu. Chini, injini ikiwa imeshikwa, tangi limejaa na pua imelala, kila kitu kinaisaidia. Ikishaachiwa, mambo matatu yanaanza kuiibia mafuta. Moja, pangaboi likishakwenda na hewa linapata wepesi, resi zinaongezeka, hewa inayovutwa inaongezeka, mchanganyiko unakuwa mwepesi kuliko ulivyoupima. Mbili, ndege ikiinua pua, mafuta kutoka kwenye tangi yanalazimika kupanda mlima kuifuata injini. Tatu, tangi linavyopungua, kina cha mafuta kinashuka na msukumo wake unapungua. Ukiwa umeshafika kileleni chini, hayo matatu yatakusukuma korongoni, na mkono wako uko meta 18 kutoka kwenye sindano.

Kwa hiyo ziada unayoiacha chini si uvivu wala woga. Ni akiba ya safari. Wazoefu wengi wanafundisha hivi: tafuta kilele, kisha rudi nyuma upande wa mafuta mengi mpaka resi zishuke kama 200 hadi 400 kwa dakika. Kwa injini inayozunguka mara 12,000 kwa dakika hiyo ni hasara ndogo sana, hata macho hayaioni. Sikio linaiona.

Na wale wanaorusha ndege za waya kwa michezo ya angani, wale wa kupinduka na kuchora nane, wanakwenda mbali zaidi. Kwa injini kama Fox 35 ya Marekani, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1940, wamezoea kuiacha nzito kabisa, inakoroma mara moja moja ndege ikiwa imelala. Pua ikiinuka, mchanganyiko unajipunguza wenyewe, injini inaingia kwenye mwendo wa kasi na kutoa nguvu pale pale inapohitajika. Pua ikishuka, inarudi kukoroma. Yaani ule udhaifu ulioniua mimi, wenzetu wameugeuza kuwa breki na mafuta. Lakini umewezekana kwa sababu moja: walianza na ziada.

Najua nitapingwa. Hoja ya kwanza nimeshaisikia: "Lakini washindani wa kasi wanabana mpaka mwisho." Ni kweli, wanakwenda karibu sana na ukingo. Lakini wao wanaifungua injini mara kwa mara, wana vipuri, na wanajua wanachonunua na bei yake. Wewe mwenye injini moja uliyoipata kwa mtu, ambayo pistoni yake huijui itapatikana wapi, unashindana na nani?

Hoja ya pili: mafuta mengi nayo ni ubaya. Naikubali. Ukizidisha, plagi inalowa na kuzimika, injini inapiga misi, nguvu inakosekana, ndege inarudi imelowa oili mpaka mkiani. Sisemi uimwagie mafuta kama unamwagilia mchicha. Nasema ukikosea, kosea upande huo. Injini iliyozidishiwa mafuta inazimika leo na kesho inawaka. Iliyonyimwa, kesho yake ni kwenye droo ya vyuma chakavu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Achana na hayo madude, nunua mota ya umeme." Kweli, tangu miaka ya 2000 mota za umeme na betri za lithiamu zimechukua sehemu kubwa ya mchezo huu, na kwa haki. Hazina kelele, hazina harufu, hazirushi oili, na mtoto anaweza kuanza nazo siku hiyo hiyo. Sina ugomvi nazo. Lakini ndiyo maana hasa naandika. Watu wanapohamia kwenye umeme, injini zao zinauzwa kwa bei ya chini au zinagawiwa, na zinaangukia mikononi mwa vijana kama mimi ambao hawakulelewa kwenye sauti hiyo. Tunafungua video, tunaambiwa "fungua mizunguko miwili na nusu", tunafungua miwili na nusu. Ile namba ni ya kuanzia tu! Aliyeisema yuko kwenye hewa yake, na mafuta yake, na plagi yake, na pangaboi lake. Namba haikusafiri na hewa. Mimi nilisafirisha namba ya Arusha mpaka Dar, nchi moja, siku moja, mkono wa fundi aliyebobea, na bado ikaniangusha.

Badala ya namba, jifunze vipimo viwili ambavyo havidanganyi. Injini ikiwa inanguruma, bana mrija wa mafuta kwa vidole kwa kufumba na kufumbua, kisha achia. Resi zikipanda kidogo kabla ya kushuka, ulikuwa na ziada, uko salama. Ikinywea au kuzimika pale pale bila kupanda, ulikuwa umeshafika ukingoni. Halafu msaidizi aiinue pua ya ndege kuelekea mbinguni, injini ikiwa kwenye resi kamili, ahesabu mpaka kumi. Ikiendelea kuimba, au ikipanda kidogo, irushe. Ikianza kulegea, fungulia, rudia. Dakika moja tu. Mimi sikuwa na dakika moja siku ile, nilikuwa na watazamaji. Na msaidizi akae nyuma ya pangaboi, kamwe asikae mbele wala ubavuni mwake.

Na jambo jingine ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa naandika habari na nimeona mambo. Methanoli ni sumu. Mwaka 2014 nchini Kenya pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu na wengine kupofuka. Moto wake juani hauonekani vizuri kwa macho. Weka chupa imeandikwa, imefungwa, mbali na jikoni na mbali na watoto. Pia inavuta unyevu hewani, na pwani unyevu tunao wa kutosha, kwa hiyo ukiiacha wazi utahangaika na sindano ukidhani tatizo ni injini.

Kuna msomaji atauliza, haya yote yana faida gani kwa asiye na ndege. Nenda feri ukazungumze na mvuvi mwenye mashine ya boti ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Muulize akipunguza oili ili aokoe shilingi mbili tatu, mashine ikinoki usiku huku upepo unavuma kutoka nchi kavu, atarudi na nini. Muulize mpasua mbao msumeno wake ulikufa vipi. Utasikia hadithi yangu ile ile: mashine ilikuwa inalia vizuri kabisa, halafu ghafla. Haikuwa ghafla. Ilikuwa inalia vizuri kwa sababu ilikuwa inaungua.

Mimi likizo yangu nilikwenda nayo Arusha, boksi la viatu mkononi. Mzee aliifungua injini taratibu, akaitazama pistoni kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo. Hakunigombeza. Alisema silinda na pistoni zikipatikana itarudi, zisipopatikana basi. Mpaka leo hatujazipata. Kisha akatoa injini nyingine, ndogo zaidi, akaifunga kwenye ubao nyuma ya nyumba, akaiwasha.

"Usiguse sindano," akasema. "Wewe sema tu: nzito, sawa, au nyepesi."

Akawa anazungusha, mimi nimefumba macho nasema. Saa nzima. Nilikosea mara nyingi mwanzoni, na makosa yangu yote yalikuwa ya upande mmoja. Kila alipofika kileleni mimi nilisema "sawa". Ndipo nilipojua kwamba sikio langu lenyewe lilikuwa limefundishwa na watazamaji.

Mwalimu wa ile sekondari amenialika tena, sijui kwa moyo gani. Nimemwambia nitakuja, ila kwa masharti: kamba izungushwe mbali kabisa na kiwanja, hakuna mwanafunzi wa kuivuka, na wasitegemee kelele kubwa. Injini itakoroma kidogo, itatoa moshi mweupe unaonuka nyonyo, na atakayekuwa karibu shati lake litapata madoa.

Atakayesema "Kaka, ongeza", safari hii nitamwita aje aubane mrija kwa vidole vyake, asikilize mwenyewe.